Msimu wa Kuhiji Unguja: Mwongozo Kamili kwa Parokia, Sharika na Kwaya za Bara

Simu huanza kulia wiki ya pili ya Januari. "Kaka, mwaka huu tunakuja Pasaka. Tuko arobaini na wawili, kwaya nzima pamoja na akina mama." Nami huuliza swali lile lile: mmeshaangalia upepo? Upande wa pili kimya kidogo, halafu kicheko. Wanadhani nawatania.

Sitanii. Kuna mwaka nilipokea kikundi kilichoingia Jumamosi Kuu. Jumatatu ya Pasaka tukawa njiani kwenda Mbweni, basi dogo likazima katikati ya dimbwi ambalo jana yake lilikuwa barabara. Tukashuka. Mama mmoja, kiongozi wa kwaya, akavua viatu vyake vyeupe vya sikukuu, akavifunga ndani ya mtandio, akavikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, akakanyaga maji ya kahawia hadi magotini huku mkono wa pili umeinua sare ya kitenge. Tulipofika kwenye kanisa la Mtakatifu Yohana, watu walikuwa wanakamua nguo. Historia ya mahali pale niliisimulia kwa dakika tano, na katika hizo dakika tano nadhani walionisikiliza ni wawili.

Pasaka haiwezi kuangukia kabla ya tarehe 22 Machi wala kupita tarehe 25 Aprili. Masika yetu huanza katikati ya Machi na kwenda hadi Mei, na kilele chake ni Aprili. Fanya hesabu mwenyewe. Hakuna Pasaka ya kiangazi Unguja. Kuna Pasaka ya mvua nyingi na Pasaka ya mvua nyingi zaidi.

Basi mwongozo huu ni kwa paroko, mchungaji, mwenyekiti wa jumuiya au katibu wa kwaya anayetaka kuleta watu kuhiji hapa na bado hajapanga tarehe. Kama tarehe imeshapangwa na michango imeshakusanywa, ruka hadi mwisho.

Hatua ya kwanza: andika mnakwenda wapi hasa

Vikundi vingi huja na neno moja tu, "Mkunazini". Ni kweli, Mkunazini ndiyo moyo wa hija. Kanisa kuu la Anglikana la Kristo limejengwa juu ya uwanja wa soko la watumwa lililofungwa 1873. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka huo huo. Askofu Edward Steere, aliyeongoza pia tafsiri ya Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja, alisimamia ujenzi, na amezikwa nyuma ya altare. Mbele ya altare kuna duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu. Inasemwa hapo ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Kwenye nguzo kuna msalaba wa mbao zilizotoka kwenye mti wa Chitambo, Zambia, ulipozikwa moyo wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti. Na karibu na kisima cha ubatizo ziko nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Mafundi walizigeuza Steere akiwa safarini, na aliporudi akaziacha. Mimi nazipenda nguzo hizo kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Waambieni watu wenu wazitafute wenyewe kabla ya kuonyeshwa.

Haya yote yamo chini ya paa, kwa hiyo mvua haiyadhuru. Vyumba vya chini ya ardhi vilivyo jirani, ambamo inasemwa watumwa walifungiwa, ndivyo vyenye shida yake, nayo ni joto. Nitalirudia.

Mahali pengine panahitaji hali ya hewa ya namna nyingine:

Minara Miwili, yaani kanisa kuu la Katoliki la Mtakatifu Yosefu, liko ndani kabisa ya vichochoro vya Mji Mkongwe. Mtaiona minara yake tangu mkiwa baharini, kisha mkishuka mtaipoteza. Nje ya saa za Misa milango mara nyingi imefungwa, kwa hiyo hapa msimu si kitu; kitu ni saa.

Ngome Kongwe hupitwa na mahujaji wengi wakidhani ni ya watalii na maonyesho ya muziki. Kabla ya Waarabu wa Oman kujenga ngome, hapo palikuwa na kanisa dogo la Wareno. Robo saa inatosha.

Mbweni ni nje ya mji, na ndiko ninakosisitiza. UMCA, misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza, ilikaa huko na watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Yapo magofu ya shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria, lipo kanisa la mwaka 1882, yapo na makaburi. Ni mahali pa kutembea polepole kwenye udongo na majani. Masika hapafai.

Chapwani, kisiwa kidogo mbele ya mji, kina makaburi ya mabaharia wa Kiingereza, wakiwemo waliouawa meli yao Pegasus iliposhambuliwa na manowari ya Kijerumani Königsberg Septemba 1914. Huko ni kwa mashua ndogo. Kusi, ule upepo wa katikati ya mwaka, likiwa kali, sahauni.

Bagamoyo haiko Unguja, lakini hija ya Unguja bila Bagamoyo naiona imekatwa miguu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walitoka hapa Unguja wakaanzisha misheni yao huko 1868. Mwili wa Livingstone, uliobebwa kutoka Chitambo na wasaidizi wake akina Susi na Chuma, ulifika huko Februari 1874, ukalala usiku mmoja kanisani kwa misheni, kisha ukavushwa kuja Unguja. Leo hakuna boti ya abiria ya moja kwa moja. Mnarudi Dar es Salaam na kwenda kwa barabara. Mtu wa jahazi akiwaambia pwani "nawavusha usiku huu huu", mshukuruni na mwondoke.

Pemba ni kwa kikundi kidogo chenye muda. Waquaker wa Uingereza walianza misheni yao huko 1897, mwaka ule ule utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja na Pemba. Lakini njia ya bahari ya Pemba hupita mkondo wa Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, na mkondo wa Nungwi una tabia zake.

Ukishaandika orodha, weka alama kila penye udongo na kila penye mashua. Hapo ndipo msimu utakapokusumbua. Ukiwa na alama mbili au zaidi, Aprili na Mei uzifute hapo hapo.

Hatua ya pili: soma upepo

Mzee yeyote wa mtaa wa Malindi hapa mjini atakwambia mwaka una pepo mbili, kaskazi na kusi, na katikati yake tanga mbili. Soko la watumwa lenyewe liliendeshwa na pepo hizo. Majahazi ya Arabuni yaliteremka na kaskazi kuanzia mwisho wa mwaka, yakakaa bandarini miezi kadhaa, yakarudi na kusi kuanzia Aprili yakiwa yamejaa. Kwa hiyo anayekuja kuomba pale Mkunazini na kuuliza upepo hafanyi jambo la kitalii. Anauliza kile kile walichokitazama waliofungwa pale.

Kaskazi, Desemba hadi mwanzoni mwa Machi. Jua kali, joto linapita nyuzi 30 na unyevunyevu wake, usiku hakupoi. Bahari ya Dar hadi Unguja kwa kawaida huvukika vizuri, ingawa ziko siku za mawimbi mafupi yanayokera. Barabara kavu, magofu makavu. Ni msimu mzuri kwa miguu na mbaya kwa shinikizo la damu.

Masika, katikati ya Machi hadi Mei. Nimeshayasema.

Kusi, Juni hadi Septemba. Hali ya hewa ndani ya kisiwa ni nzuri ajabu: baridi kidogo asubuhi, mvua chache, unatembea Mji Mkongwe saa sita mchana bila kulowa jasho. Mtihani uko baharini. Kusi la Julai na Agosti huinua mawimbi, na boti ya saa mbili inageuka safari ya saa mbili za toba. Nimesimama gatini nikipokea kwaya ya sauti nne ambayo ilikuwa imebaki na sauti moja, ya mwalimu wao, aliyekuwa amekaa nje nyuma ya boti muda wote akinusa ndimu. Wengine walikuwa wameshika mifuko ile inayogawiwa na mabaharia. Misa ya jioni waliisikiliza wameinamisha vichwa kwenye mabenchi, na padre, Mungu ambariki, alifupisha mahubiri.

Mikasa miwili mikubwa ya meli iliyotutoa machozi hapa katika miaka ya karibuni, ule wa Nungwi Septemba 2011 na ule wa karibu na Chumbe Julai 2012, yote ilitokea miezi ya kusi. Upepo haukuwa sababu pekee, maana ule wa Nungwi meli ilikuwa imejaza kupita kiasi. Siandiki haya kuwatisha. Naandika ili katibu asione haya kuahirisha safari kwa siku moja wenye mamlaka wanapotoa tahadhari, hata kama nauli imeshalipwa. Wekeni siku moja ya akiba kwenye ratiba ya kusi, siku zote.

Tanga mbili, Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba. Kusi limechoka, kaskazi halijakomaa, bahari inalala. Kuna asubuhi za Oktoba ambapo maji ya mbele ya Forodhani ni kama mafuta yaliyomiminwa kwenye sinia. Baadaye vuli huja, na Novemba huweza kunyesha vizuri, lakini mvua ya vuli mara nyingi ni ya kujificha chini ya baraza nusu saa ukaendelea na safari. Pemba, kama mnakwenda, ni wakati huu. Na bahati ikiwa yenu mtakuta karafuu zimeanikwa majamvini kando ya njia, harufu yake inawafikia kabla hamjaziona.

Hatua ya tatu: weka kalenda ya mwezi juu ya kalenda ya Kanisa

Hapa ndipo wageni wengi wanapoteleza, maana kalenda ya ukutani nyumbani kwao haina mwandamo.

Unguja na Pemba ni visiwa vya Waislamu. Ramadhani ikiingia mji hubadilika: migahawa mingi hufungwa mchana, hakuna kula wala kunywa hadharani, mtu atakayeonekana anatafuna barabarani atajitafutia aibu na pengine kuitwa na askari. Makanisa yanaendelea na ibada zake bila shida. Tatizo ni watu arobaini wa bara, wenye njaa saa saba mchana, na chupa za maji mkononi Darajani.

Ramadhani hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. Kwa 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kwa 2028 karibu na 28 Januari, kwa 2029 karibu na 16 Januari, kutegemea mwandamo. Maana yake sehemu kubwa ya kaskazi nzuri, ile ya Januari na Februari, kwa miaka hii inaliwa na mfungo. Na mwaka 2030 utakuwa na vitimbi: Ramadhani inaanza Januari, kisha nyingine inaingia tena siku moja hivi baada ya Krismasi. Mwaka huo huo pia ni wa uchaguzi mkuu, ambao kwetu hufanyika mwishoni mwa Oktoba au hapo karibu. Kwa hija ya kikundi mwaka 2030 mimi ningeangalia Juni tu.

Lakini sikilizeni na upande wa pili. Kama kikundi chenu ni kidogo na kinafunga Kwaresima kwa dhati, kuna jambo kubwa la kufunga mahali ambapo mji mzima unafunga. Mwaka 2027 Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari, siku mbili tatu tu baada ya Ramadhani kuandama. Mtaamka kwa ngoma za daku, mtashinda bila kitu kama jirani yenu, na magharibi jirani huyo anaweza kuwagongea mlango na sahani ya tambi au mkate wa kumimina. Msikatae. Na sahani isirudi tupu.

Mkiamua kuja Ramadhani, basi: chakula cha mchana kipikwe na kuliwa ndani ya nyumba mliyofikia, mlango umefungwa, maji yanywewe ndani ya basi au ndani ya kiwanja cha kanisa, akina mama wajifunike mabega, na kaptula zibaki bara, wimbo usiimbwe barabarani wakati wa futari wala tarawehi. Mkikutana na wazee wamekaa barazani, amkieni. "Shikamoo babu" inafungua milango mingi kuliko barua yenye mhuri.

Sikukuu za Idi nazo ziangalieni, kwa sababu nyingine kabisa: boti hujaa watu wanaorudi nyumbani, na tiketi ya kikundi haipatikani.

Hatua ya nne: acha sikukuu kubwa, tafuta tarehe za hapa

Ukiniuliza kosa kubwa la vikundi ni lipi, ni hili la kudhani hija lazima iwe Pasaka au Krismasi. Pasaka mnayo parokiani kwenu, tena na watu wenu, tena na paa lenu. Unguja ina tarehe zake, ambazo ukisoma Injili siku hizo mbele ya altare ya Mkunazini zinapata uzito usio wa kawaida.

Tarehe 5 Juni. Siku hiyo 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Livingstone, aliyepiga kelele kwa miaka kuhusu biashara hiyo, alikuwa amefariki Chitambo mwezi mmoja tu kabla, hakuipata habari. Mkija mwanzoni mwa Juni mnapata tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, kisha tarehe 5 pale pale sokoni. Parokia nyingi hutaka kwenda Namugongo, Uganda, walikouawa mashahidi hao, na hazifiki kwa ajili ya nauli. Hii ni njia nyingine ya kuiadhimisha wiki hiyo. Masika kwa kawaida yameshakatika, kusi ndiyo kwanza linajipanga, na bei za Julai bado hazijafika.

Tarehe 24 Februari. Mwili wa Livingstone ulifika Bagamoyo siku hiyo, 1874. Hija inayoanza Bagamoyo siku hiyo na kumalizikia Unguja ni nzuri sana, ila kwa 2027 na 2028 mtakuwa ndani ya Ramadhani. Mwaka 2029 tarehe hiyo iko huru, na iko ndani ya Kwaresima. Wekeni akiba tangu sasa. Na mkifika, msimwache Susi nyuma: alibeba maiti ile miezi, baadaye akabatizwa, akafia hapa Unguja 1891. Wageni hupiga picha ya msalaba wa Livingstone na kuondoka bila kumtaja.

Oktoba, mwezi wa Rozari kwa Wakatoliki. Tembeeni kwa Rozari kutoka Minara Miwili hadi Mkunazini mapema asubuhi, kwa sauti ya chini, kabla maduka hayajafunguliwa. Ni mwendo mfupi, mkipotea vichochoroni mtamaliza na matendo ya utukufu.

Tarehe 2 Novemba, Marehemu Wote. Kwa Mbweni sijui siku bora kuliko hii. Wengi waliozikwa pale walishushwa majahazini wakiwa watoto, majina yao ya kwanza yamepotea, wakapewa ya ubatizo. Mlete mishumaa ya kutosha na kiberiti cha akiba, kwa kuwa upepo wa pale hauzoeleki. Hatari ni mvua ya vuli. Mwavuli mmoja kwa watu wawili.

Krismasi. Jiwe la msingi la 1873 linaipa haki yake, sikatai. Lakini ndio wakati ambao vyumba ni ghali kuliko wakati wowote, na boti zimejaa.

Hatua ya tano: bei

Fupi: Julai, Agosti, na kuanzia Krismasi hadi Mwaka Mpya bei za kulala hupanda sana. Februari hupanda kidogo siku za tamasha la muziki la Ngome Kongwe. Karibu na 12 Januari kuna shamrashamra za Mapinduzi na mji hujaa wageni wa serikali. Aprili na Mei kila kitu ni rahisi, na sasa mnajua kwa nini. Juni mwanzoni na Oktoba ziko katikati. Ombeni kwanza malazi ya kanisa au ya familia za waumini; papasi wa bandarini, wale wanaowakimbilia wageni, mwachieni kijana wenu mmoja mwenye mdomo azungumze nao, wengine wapite.

Wenzetu wasio Watanzania waulize mapema habari ya bima ya safari ambayo Zanzibar iliifanya ya lazima kwa wageni tangu Oktoba 2024. Watanzania, kitambulisho mkononi.

Hatua ya sita: wahesabu watu wako kwa umri

Chukua orodha ya majina, weka alama kwa kila aliyepita miaka sitini, kila mwenye presha au kisukari, kila mama mjamzito. Alama zikizidi theluthi ya kikundi, msije kati ya Desemba na Machi.

Sababu ni vile vyumba vya Mkunazini. Dari ni ya chini hata mtu mzima anainama, madirisha ni mianya tu, na katikati kuna mfereji. Watu kumi na tano wakiingia pamoja mwezi wa Februari, baada ya dakika tatu hewa inakwisha. Nilimshika mzee mmoja mkono akiwa ameshafumba macho, tukampandisha ngazi tukamkalisha kivulini, akanywa maji, kisha akasema neno moja tu: "Nao walikaa siku ngapi?" Tangu siku ile naingiza watu saba saba, wazee kwanza asubuhi, hata Juni.

Kwa kikundi cha vijana joto si hoja, bahari si hoja. Wao waje Septemba, wakiwa tayari kutapika kwa furaha.

Hatua ya saba: panga siku za juma

Msimu mzuri unaharibiwa na siku mbaya. Ijumaa kuanzia saa sita mchana maduka mengi hufungwa kwa swala, na vichochoro karibu na misikiti hujaa. Ifanyeni siku ya Mbweni. Ratiba ninayoipenda ni ya siku nne, Alhamisi hadi Jumapili.

Alhamisi mvuke na boti ya asubuhi, kwa kuwa bahari mara nyingi ni tulivu zaidi kabla ya upepo wa mchana. Mle kidogo kabla ya kupanda: mkate mkavu, tangawizi, bila maziwa. Jioni tembeeni tu, msitembelee kitu. Ijumaa Mbweni, na chakula mle huko huko. Jumamosi mapema vyumba vya Mkunazini na kanisa, halafu kimya hadi saa kumi. Jioni Forodhani kwa urojo na miwa. Jumapili ibada, Wakatoliki Minara Miwili, Waanglikana Mkunazini, Walutheri na wengine ulizeni mapema. Boti ya mchana kurudi, na wanaokwenda Bagamoyo walale Dar.

Hatua ya nane: barua

Miezi sita kabla, andikeni tarehe mbili, ya kwanza na ya akiba. Miezi minne kabla, barua ya utambulisho kutoka kwa paroko au mchungaji wenu iwafikie wenyeji, ikitaja idadi, siku, na kama mnataka kuimba au kuadhimisha Misa yenu wenyewe. Usiandike "tutafika mwezi wa sita". Huyo anayeisoma ana harusi, vipaimara na wageni wengine. Mwezi mmoja kabla, thibitisha kwa simu, na wiki moja kabla, uliza upepo. Si kwa simu yako yenye picha ya jua na wingu; muulize mtu aliyeko pwani.

Nikiachiwa mimi nichague, kwa kikundi cha kawaida, mchanganyiko wa wazee na vijana: wiki ya pili ya Oktoba. Mwaka ambao sikukuu ya Nyerere ya tarehe 14 inaangukia Alhamisi, kama 2027, mnapata mwanzo wa safari bila kuomba ruhusa kazini. Chaguo la pili ni siku kati ya 2 na 7 Juni. La tatu ni Marehemu Wote, kwa wasioogopa kulowa kidogo.

Na kama mlishachanga na lazima iwe Pasaka

Mje. Lakini leteni malapa, na viatu vya sikukuu viwe ndani ya mfuko wa plastiki. Sare ziwe za kitambaa kinachokauka haraka. Kitenge kizito kilicholowa Jumamosi hakikauki hadi Jumanne. Mfikie mahali mnapoweza kutembea kwa miguu hadi kanisani, maana usiku wa Mkesha teksi hazionekani na mvua ikianza saa mbili haikatiki saa tatu. Mbweni ifanyeni asubuhi ya siku ambayo haikunyesha usiku, hata kama ratiba inasema vingine. Na mwambieni kiongozi wa kwaya asivae vyeupe.